Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kati ya London na Paris

Umbali wa anga kati ya London, mji mkuu wa Uingereza, na Paris, mji mkuu wa Ufaransa, ni takriban kilomita 344, sawa na maili 214 au maili za baharini 186. Ndege ya abiria hukaa angani kwa muda wa dakika 45 hadi 60, ilhali ratiba za mashirika ya ndege huonesha saa 1 na dakika 15 hadi saa 1 na dakika 25. Mwananchi anayepanga safari ya kikazi, ya masomo au ya kutembelea ndugu katika miji hiyo anapaswa kuzitumia tarakimu hizo kwa uangalifu, kwa kuwa hakuna hata moja kati yake inayomweleza muda halisi atakaoutumia njiani, saa atakayofika, wala kama ataruhusiwa kurudi alikotoka.

Umbali unavyopimwa

Kilomita 344 ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, uitwao mstari wa duara kuu, kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jiji jingine. Hata hivyo, ndege haziruki kutoka katikati ya miji. London huhudumiwa na viwanja kadhaa. Heathrow kiko takriban kilomita 23 magharibi mwa kitovu cha jiji na Gatwick takriban kilomita 45 kusini. Luton na Stansted viko upande wa kaskazini, na kile kidogo cha London City kiko mashariki, ndani ya jiji lenyewe. Kwa upande wa Paris, uwanja mkubwa ni Charles de Gaulle, uliofunguliwa mwaka 1974, takriban kilomita 25 kaskazini mashariki. Orly uko takriban kilomita 14 kusini. Uwanja wa Beauvais, ambao huuzwa kwenye tiketi za bei nafuu kwa jina la Paris, uko takriban kilomita 85 kaskazini mwa jiji, na abiria anayeshukia hapo bado ana safari ya basi ya zaidi ya saa moja mbele yake.

Kutoka Heathrow hadi Charles de Gaulle ni takriban kilomita 347 kwa mstari wa duara kuu, na kutoka Heathrow hadi Orly ni takriban kilomita 366. Kwa barabara, pamoja na kuvuka bahari, umbali ni takriban kilomita 460. Kwa reli ni kilomita 492. Hivyo mtu akisoma sehemu moja kuwa umbali ni kilomita 344 na sehemu nyingine kuwa ni 492, asidhani kuwa moja ya taarifa hizo ina makosa, kwani kila moja inapima njia yake.

Kwa nini dakika 26 huwa saa moja na robo

Kwa hesabu ya darasani, ndege yenye mwendo wa kilomita 800 kwa saa ingemaliza kilomita 347 kwa dakika 26. Hakuna ndege ya abiria inayofanya hivyo kati ya miji hii. Sehemu kubwa ya safari hutumika kupanda na kushuka, na muda wa kuruka kwa mwendo kamili katika kimo cha juu ni mfupi mno. Aidha, ndege hainyooki moja kwa moja kuelekea inakokwenda. Hupaa ikielekea upande upepo unakotoka, ikazunguka na kuingia katika njia iliyopangwa na waongoza ndege, kisha ikakaribia uwanja wa pili kwa njia nyingine iliyopangwa vivyo hivyo.

Muda unaoandikwa kwenye tiketi nao hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoacha ardhi. Huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili. Ndani yake umo muda wa kutembea ardhini, kusubiri zamu kwenye njia ya kurukia na kutafuta nafasi ya kuegesha. Katika uwanja wa Charles de Gaulle, wenye njia nne za kurukia, mwendo wa ardhini pekee waweza kuchukua dakika nyingi, na abiria wageni hushangaa kuona ndege imetua lakini bado inaendelea kutembea kana kwamba inakwenda Paris kwa barabara.

Heathrow kina njia mbili tu za kurukia, na mipaka iliyowekwa ni miruko na mituo 480,000 kwa mwaka. Uwanja huo hufanya kazi ukiwa karibu na kikomo hicho. Kwa sababu hiyo, ndege zinazokuja kutua huelekezwa mara kwa mara kuzunguka katika maeneo manne ya kusubiri yajulikanayo kwa majina ya Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika nne. Ndege iliyotoka Paris ikiambiwa izunguke mara tatu, tayari imetumia dakika kumi na mbili, ambazo ni karibu robo ya muda wake wote wa kuwa angani. Siku za ukungu nafasi kati ya ndege na ndege huongezwa, na safari fupi kama hii huwa miongoni mwa zinazoathirika mapema.

Mashirika ya ndege yanaifahamu hali hiyo, na huongeza dakika za akiba katika ratiba. Ndiyo maana ndege iliyoondoka ikiwa imechelewa dakika kumi na tano huweza kufika kwa wakati. Upepo, ambao katika eneo hilo huvuma zaidi kutoka magharibi, huisaidia kidogo ndege inayokwenda Paris na kuichelewesha kidogo inayorudi London, lakini kwa umbali huu tofauti ni ya dakika chache.

Saa za tiketi na saa za ukutani

Jambo linalowapotosha wasafiri wengi zaidi ni majira. Paris iko mbele ya London kwa saa moja, mwaka mzima. Nchi zote mbili husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi Oktoba, tena kwa wakati mmoja, hivyo tofauti kati yao haibadiliki. Kinachobadilika ni tofauti yao na Afrika Mashariki, ambako saa hazisogezwi. Wakati wa majira ya baridi ya Ulaya, Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele ya London kwa saa tatu na mbele ya Paris kwa saa mbili. Wakati wa majira ya joto tofauti hizo hupungua kuwa saa mbili na saa moja.

Tiketi huandikwa kwa saa za mahali husika. Ndege inayoondoka London saa 4:00 asubuhi kwa saa za huko na kuchukua saa 1 na dakika 20 itafika Paris saa 6:20 mchana kwa saa za Paris, na msomaji wa tiketi atadhani safari ni ya saa mbili na dakika ishirini. Ikigeuka saa hiyohiyo ya 6:20 kurudi London, itafika saa 6:40 mchana kwa saa za London, na tiketi itaonesha kana kwamba safari nzima ni ya dakika 20. Anayetaka kujua muda halisi aondoe saa moja anapokwenda Paris na kuongeza saa moja anaporudi London.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatari ya ziada. Tiketi hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, si saa za Kiswahili zinazoanza jua linapochomoza. Tiketi iliyoandikwa 07:15 inamaanisha saa moja na robo asubuhi, si saa saba na robo mchana, na iliyoandikwa 13:15 ndiyo saa saba na robo mchana. Anayempigia simu ndugu yake ili ampokee uwanjani ni vyema ataje pia kama ni asubuhi, mchana au usiku.

Safari nzima, kutoka mlango hadi mlango

Abiria wa ndege za kimataifa hushauriwa kufika uwanjani takriban saa mbili kabla ya kuondoka. Kutoka katikati ya London hadi Heathrow huweza kuchukua dakika 30 hadi 60 kwa treni, kutegemea njia iliyochaguliwa. Baada ya kutua Paris kuna foleni ya uhamiaji, kusubiri mizigo, kisha treni ya mjini iitwayo RER B, ambayo hutumia takriban nusu saa kufika kituo cha Gare du Nord. Ukijumlisha yote hayo na saa 1 na dakika 20 ya ratiba, safari ya kilomita 344 huchukua saa tano hivi, na ndege yenyewe imekuwa angani kwa chini ya moja ya tano ya muda huo.

Hapo ndipo treni ilipoishinda ndege. Handaki la reli chini ya bahari inayotenganisha nchi hizo mbili lilifunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994. Urefu wake ni kilomita 50 na nusu, na takriban kilomita 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Ufaransa ilikuwa imekwisha kujenga reli ya mwendokasi hadi mdomoni mwa handaki, lakini upande wa Uingereza treni zilitembea kwenye reli za zamani, kwa njia yote au sehemu yake, hadi Novemba 2007, reli mpya ya kwenda kituo cha St Pancras ilipokamilika. Tangu hapo treni huenda kwa mwendo unaofikia kilomita 300 kwa saa, na safari ya haraka kati ya St Pancras na Gare du Nord huchukua takriban saa 2 na dakika 16. Vituo vyote viwili viko ndani ya miji. Abiria hutakiwa kufika mapema, kwa saa moja au zaidi, kwa ajili ya ukaguzi wa mizigo na hati za kusafiria, lakini hata hivyo jumla huwa saa nne na kidogo. Kwa basi, safari huchukua saa nane au tisa, na foleni za bandarini huweza kuirefusha.

Njia hii ya anga ina historia ndefu kuliko karibu zote duniani. Tarehe 25 Julai 1909 Mfaransa Louis Blériot aliruka kutoka karibu na Calais hadi Dover, akawa mtu wa kwanza kuivuka bahari hiyo kwa ndege yenye injini. Miaka kumi baadaye, tarehe 25 Agosti 1919, kampuni ya Aircraft Transport and Travel ilianza huduma ya kila siku kati ya London na Paris, ambayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa usafiri wa anga wa kimataifa wa kila siku wenye ratiba. Ndege ndogo aina ya DH.4A iliondoka Hounslow Heath, si mbali na Heathrow ya leo, ikiwa na abiria mmoja na shehena ya magazeti, ngozi, krimu na nyama ya ndege wa porini, ikafika Le Bourget baada ya saa mbili na nusu hivi. Treni ya leo, inayopita chini ya bahari, inatumia muda mfupi kuliko ndege hiyo.

Inafaa kueleza pia kuwa sheria ya Ufaransa iliyoanza kutekelezwa Mei 2023, inayozuia safari fupi za ndege pale ambapo treni hufika kwa chini ya saa mbili na nusu, inahusu safari za ndani ya nchi hiyo. Safari za Orly kwenda Bordeaux, Nantes na Lyon zilisitishwa. Safari za London hazikuguswa, kwa kuwa ni za kimataifa.

Mpaka ulio katikati ya safari

Kwa raia wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine ambazo raia wake hutakiwa kuwa na viza, sehemu hii ina uzito kuliko dakika na kilomita zote zilizotajwa. Ufaransa imo katika eneo la Schengen, Uingereza haimo na haijawahi kuwamo. Viza ya Uingereza haimwingizi mtu Paris, na viza ya Schengen haimwingizi mtu London. Anayetaka kuona miji yote miwili katika safari moja anahitaji viza mbili, zinazoombwa kwa mamlaka mbili tofauti na kulipiwa ada mbili.

Hata mwenye viza zote mbili anaweza kukwama. Viza ya Schengen hutolewa kwa kuingia mara moja, mara mbili au mara nyingi, na idadi hiyo huandikwa kwenye viza yenyewe. Mgeni aliyefika Paris kwa viza ya kuingia mara moja, akaenda London kwa siku mbili, amekwisha kutoka katika eneo la Schengen. Viza yake imetumika, hata kama tarehe zilizoandikwa bado hazijapita. Ikiwa tiketi yake ya kurudi nyumbani inaanzia Paris, na mizigo yake iko hotelini Paris, hatapanda treni wala ndege ya kumrudisha huko. Itamlazimu kununua tiketi nyingine ya kuondokea London, au kuomba viza upya akiwa ugenini. Kwa hiyo mwombaji ambaye ratiba yake inapitia London na kurudi Paris anapaswa kuonesha jambo hilo katika maombi yake tangu mwanzo na kuomba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, kisha akague kilichoandikwa kabla ya kuondoka.

Wanaosafiri kwa treni hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili kabla ya kupanda. Maofisa wa mpaka wa Ufaransa wako ndani ya kituo cha St Pancras, na wa Uingereza wako Gare du Nord, kwa makubaliano ya nchi hizo. Anayesafiri kwa ndege hukutana na uhamiaji wa nchi anayokwenda baada ya kutua, ingawa shirika la ndege humkagua hati zake kabla ya kupanda na lina haki ya kumkatalia. Aidha, kuanzia tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia kwa awamu mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka kwa wageni, unaochukua picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri. Usajili wa mara ya kwanza huongeza muda wa foleni.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa abiria wa kuunganisha ndege. Heathrow na Gatwick vimetengana kwa takriban kilomita 40 kwa mstari na takriban kilomita 70 kwa barabara. Charles de Gaulle na Orly vimetengana kwa takriban kilomita 34 kwa mstari, na Paris yenyewe iko katikati yake. Anayehama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine analazimika kupita uhamiaji na kuingia nchini, kwa hiyo anahitaji viza inayomruhusu kufanya hivyo. Tiketi ya bei nafuu inayomshusha mtu Orly na kumtaka apande Charles de Gaulle baada ya saa tatu inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Ndege ikichelewa

Umbali una maana ya kisheria pia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Namba 261 ya mwaka 2004 huweka haki za abiria kulingana na umbali wa safari, na yenyewe inaagiza kuwa umbali huo upimwe kwa mstari wa duara kuu. Safari ya London na Paris iko katika kundi la kilomita 1,500 au pungufu. Abiria aliyefika akiwa amechelewa kwa saa tatu au zaidi kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wa shirika la ndege anastahili euro 250. Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja huo, imebaki na kanuni ya aina hiyohiyo kwa ndege zinazoondoka kwake, na kiwango chake ni pauni 220. Ucheleweshaji ukifikia saa mbili, abiria wa kundi hili wana haki ya chakula na kinywaji wanaposubiri. Hali mbaya ya hewa na sababu nyingine zilizo nje ya uwezo wa shirika huondoa fidia, lakini haziondoi haki ya kuhudumiwa. Haki hizi hazitegemei uraia wa abiria. Viwango hivyo vimekuwa katika mjadala wa kurekebishwa barani Ulaya, hivyo ni vyema kuthibitisha kile kinachotumika siku ya safari.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, cha kuzingatia hapa ni namna tiketi ilivyonunuliwa. Abiria mwenye tiketi moja ya Paris hadi Nairobi kupitia London, akichelewa kwa kosa la ndege ya kwanza na kuikosa ya pili, safari yake huhesabiwa nzima, kutoka Paris hadi Nairobi, ambayo ni zaidi ya kilomita 6,000. Akifika mwisho wa safari akiwa amechelewa kwa saa nne au zaidi, fidia yake chini ya kanuni ya Ulaya ni euro 600, na shirika linawajibika kumtafutia ndege nyingine. Mwenzake aliyeketi kiti cha pembeni, ambaye alinunua tiketi mbili tofauti, anahesabiwa safari ya kilomita 347 pekee, na tiketi yake ya pili huenda ikapotea bila kurejeshewa fedha. Anayedai anapaswa kutunza kipande cha tiketi cha kupandia ndege, namba ya safari na stakabadhi za chakula au malazi aliyolipia, na kuandika saa ambayo mlango wa ndege ulifunguliwa baada ya kufika, kwa kuwa mahakama ya Umoja wa Ulaya imeamua kuwa hiyo ndiyo saa ya kufika, si ile ambayo magurudumu yaligusa ardhi.